Lile la Mama Magesa

Pasiansi, jioni

Mwanangu Nyangeta,

Tafadhali tukae kimya kwa ajili ya matangazo.

Tangazo la kwanza, na ndilo la mwisho: uongozi wa nyumba hii unapenda kuwatangazia waumini wote, majirani, na wale wote waliokuwa wakimcheka fundi, kwamba friji letu, ambalo tangu ukiwa darasa la nne limekuwa kabati la viatu vya shule, leo alasiri limeunguruma, likatetemeka, likagandisha. Aliyelitengeneza ni baba mwenye nyumba, fundi friji kwa kazi yake ya kila siku, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akigandisha samaki wa watu wengine. Tunamshukuru Mungu. Kwaya, karibuni.

Najua ungekuwa hapa ungeshika kiuno useme, "Baba, hata kwenye barua?" Ndiyo, hata kwenye barua. Mtu akishazoea kusimama mbele ya kanisa kila Jumapili kutangaza funguo zilizookotwa na mwavuli uliosahaulika, mdomo wake haujui tena kuanza kwa njia nyingine. Ila usiniulize kwa nini nimelitengeneza leo. Wewe na mama yako mmeondoka mchana kwenda kulala Buhongwa kwa shangazi yako, ili alfajiri msihangaike kuwahi basi, mkaniacha mimi eti nilinde nyumba. Nimeilinda. Nimeilinda sebuleni, nimeilinda jikoni, nikaenda kuilinda chumbani kwako, nikaona godoro limekunjwa, nikatoka haraka. Ndipo nikachukua bisibisi.

Kesho nitakuletea stendi chupa ya maji iliyoganda kama jiwe. Itakuwa imeyeyuka kabla hujafika Tinde. Najua. Ndicho nilichokipata.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala za kuchagua mwenye nyumba. Hayo mama yako ameyasema tangu siku ulipopata ajira, na nadhani mengine anakusomea saa hizi ukiwa umeshasinzia. Juu ya uuguzi wenyewe sina neno kabisa. Mimi najua kompresa, na kompresa ikifa mwenye friji ananunua nyingine.

Nakuandikia kwa sababu ya lile swali lako la Jumapili. Unakumbuka? Tulikuwa tunatoka kanisani, tunaiacha Mabatini na vumbi lake, mama yako katangulia na sufuria lake la chai kichwani, tupu. Ukanivuta shati kwa nyuma kama ulivyokuwa ukifanya ukiwa mdogo.

"Baba, huko Namanyere nilikopangiwa kazi nimeulizia. Kanisa letu halipo. Sasa watu wakiniuliza mimi ni dhehebu gani, nikasema Mpresbiteri, wakasema Mpresi-nini, halafu wakauliza kwa nini. Niseme nini?"

"Waambie baba yako alikimbia mvua."

Ukacheka kidogo, kwa adabu tu. Kisha ukasema, "Hiyo naijua. Nauliza ile ya kweli."

Nami nikajifanya nimemwona mtu wa kumsalimia upande wa pili wa barabara. Hakukuwa na mtu, Nyangeta. Nilimpungia mkono mwenye banda la chipsi ambaye hata hanijui, na yeye, maskini, akanipungia.

Hadithi ya mvua umeisikia mpaka imekuchosha. Kwamba mimi na mama yako tulikuwa wageni mjini, tumetoka Majita hatujui mtu. Kwamba siku moja ya Jumapili tulikuwa tukitembea Mabatini tukitafuta kanisa, kanisa lolote, wingu likatoka ziwani likatukuta barabarani. Kwamba nilikimbilia bati la kwanza nililoliona, nikamwacha mama yako nyuma na viatu vyake mkononi, na bati hilo likawa la Wapresbiteri. Mahubiri yalikuwa mafupi, mabenchi yalikuwa na egemeo, na baada ya ibada palikuwa na chai. Nikamwambia mama yako, "Hapa hapa." Nimeisimulia harusini, nimeisimulia kwenye semina ya wazee, mchungaji wetu wa sasa huniomba niirudie wageni wakija. Ni hadithi nzuri. Mvua ndani yake ni ya kweli.

Ninalo na jibu jingine, la watu wa biashara. Mzee Kantilal, yule Mhindu mwenye duka la vipuri mkabala na kanisa, anayetuazima viti tukiwa na mkutano, aliwahi kuniuliza, "Fundi, kanisa yenu ndogo, muziki hakuna, miujiza hakuna. Unafuata nini pale?" Nikamwambia kwetu hakuna bosi. Wazee wa kanisa wanakaa kikao, mchungaji anaongoza tu, na kila kitu kinaamuliwa na baraza. Mchungaji hawezi kununua hata fagio kwa amri yake mwenyewe. Akanitazama kwa huruma. "Sisi pia duka letu tuko ndugu wengi, kila kitu kikao. Pole sana, fundi."

Shika hilo la vikao, tutalirudia. Wewe na mama yako mmekuwa mkinicheka kwamba nilikubali uzee wa kanisa kwa sababu napenda vikao, na ni kweli, navipenda. Napenda mtu anaposema "mwenyekiti, naomba kuchangia" kisha akachangia kitu ambacho hakimo kwenye ajenda. Lakini si sababu hiyo.

Sasa nisogee karibu kidogo na penyewe. Jumapili hiyo hiyo ilikuwa ya Meza ya Bwana. Mimi nilikuwa na sinia la mkate upande wa kushoto, upande wenu. Wajua tunavyofanya: naliweka mwanzoni mwa benchi, watu wanapokezana, nalipokea mwishoni. Lilipofika kwa mama yako alilishika kwa mikono miwili, akalipitisha kwako, kama alivyolipitisha miaka yote ya maisha yako. Wewe ukalishika. Ukalitazama. Ukalipitisha.

Hukunitazama. Afadhali, maana sijui uso wangu ulikuwaje. Sinia lilinifikia, nikalibeba hadi benchi la nyuma, na huko nyuma nikabaki nimelinyoosha mbele ya mtu ambaye alikuwa ameshachukua, mpaka akaninong'oneza, "Fundi, mimi tayari."

Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini mama hachukui. Nikakuambia tumbo lake halipatani na divai. Mwanangu, divai yetu ni maji ya zabibu ya dukani yaliyoongezwa maji ya bomba. Haijawahi kumdhuru hata mzee mwenye vidonda vya tumbo. Na mkate je? Hukuuliza la mkate. Ukaacha kuuliza kabisa, na mimi nikadhani umeridhika. Hilo ni kosa la wazazi wengi: mtoto akinyamaza tunadhani amejibiwa.

Wala hukuwahi kuniuliza kwa nini mtaani mama yako anaitwa Mama Nyangeta, lakini akivuka tu mlango wa kanisa, hata mtoto wa Sunday school humwita Mama Magesa. Ulijua ulikuwa na kaka, ukajua alifariki kabla hujazaliwa, ukaiona ile picha yake amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa akicheka meno yote. Zaidi ya hapo sikukupa. Kila ulipokaribia nilikununulia soda.

Na kosa jingine, hili la juzi juzi, bado linanichoma. Siku ile uliyorudi kutoka wodini, kwenye mazoezi ya uuguzi, ukakaa pale kwenye kigoda karibu na mlango bila kuvua viatu, ukasema, "Baba, yule mtoto wa kitanda cha dirishani amefariki. Nilikuwa nimemshika mkono." Nikakujibuje? "Pole, mwanangu. Njoo ule, ugali unapoa." Ugali! Mtu analeta kwako kitu kizito namna hiyo, unamwonyesha sahani. Ulikula pia, kwa heshima. Tangu siku hiyo nimekuona ukiimba nyimbo zetu kwa midomo tu.

Kwa hiyo naelewa, si mjinga kiasi hicho. Lile swali halikuwa la watu wa Namanyere. Ulikuwa unauliza kama mtu anayeacha sinia lipite bado anaweza kusema "kanisa letu" bila kudanganya.

Mama yako naye aliona. Alikuwa amekaa ubavuni mwako, angekosaje? Tulipofika nyumbani aliweka sufuria chini, akaniambia, "Umeona?" Nikasema, "Nimeona." Basi. Watu wazima wawili, wa ndoa ya siku nyingi, hayo ndiyo maneno yote tuliyoyapata. Akaenda kuchambua dagaa. Mimi nikakaa nikamwangalia anavyochambua.

Haya. Ile ya kweli.

Kaka yako Magesa alikuwa na selimundu. Wewe unaujua ugonjwa huo kwa vitabu, sisi tuliujua kwa kilio chake. Mtoto mchangamfu, asubuhi anakimbiza bata, jioni amejikunja anashika miguu, "Baba, mifupa." Hospitali walifanya walichoweza, wakamwongezea damu, wakatupa vidonge, akaamka, akakimbiza bata tena. Kisha ikarudi. Mimi wakati huo nilikuwa kijana wa kubeba vifaa vya fundi mwingine, na nilikuwa na imani moja tu duniani: kila kilichoharibika kina sababu, ukiipata sababu umemaliza kazi.

Basi tukatafuta sababu. Tulimpeleka kwenye maombi kila mahali tulipoelekezwa. Sisemi makanisa hayo vibaya. Shangazi yako yuko katika mojawapo mpaka leo, na ana furaha kuliko mimi. Walituombea kwa machozi, walifunga bila kula kwa ajili ya mtoto wasiyemjua. Lakini kila mmoja alikuwa na sababu. Mmoja alisema ni imani yetu ndogo. Mwingine alisema kuna kitu kilifukiwa na bibi huko Majita, kikafukuliwe. Mwingine alimuuliza mama yako, mbele ya watu, alitenda nini akiwa msichana. Na baada ya kumzika huko Majita, siku ya matanga, mtu mwema kabisa, aliyetuletea sukari na mchele, alimshika mama yako bega akasema Mungu alikuwa anahitaji malaika.

Tuliporudi mjini, kwenye kile chumba tulichopanga huku huku Pasiansi, mama yako alilala akageukia ukuta. Tumbo lake lilikuwa na wewe tayari. Alikuwa anakula kwa ajili yako, anajua wajibu wake, kisha anageukia ukuta. Mimi niliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nilimsemesha, nikamtania, nikamwimbia hata ule wimbo wa kupiga makasia wa kwetu ambao humchekesha. Hakuna. Nilikuwa mume na fundi, na kwa yote mawili sikuwa na kifaa.

Siku moja mvua kubwa inanyesha, tukasikia, "Hodi humu!"

Alikuwa mzee mrefu, amelowa kuanzia kofia hadi viatu, kaegesha baiskeli yake chini ya mchirizi wa bati, mguu mmoja wa suruali kaufunga kwa kipande cha mpira usinaswe na mnyororo. Unaona sasa? Mvua ilikuwepo. Ila aliyekuja kuikimbia alikuwa yeye, na bati lilikuwa letu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Poleni na mvua. Mimi ni Mzee Malima, wa Kanisa la Presbiteri. Ndiye mzee wa mtaa huu."

Nilidhani ni mambo ya serikali. Kumbe kanisani kwao kila mzee amegawiwa mtaa wake, na Meza ya Bwana inapokaribia hupita nyumba kwa nyumba za waumini wake kuwauliza kama wana amani. Chumba chetu kabla yetu alikaa mjane mmoja Mpresbiteri, akahamia kwa mwanawe bila kuaga mtu. Mzee Malima hakuwa na habari. Alituona sisi, akadhani ni watoto wa yule mjane, na hakutupa nafasi ya kumsahihisha. Alikuwa na haraka ya kumaliza mtaa kabla giza halijaingia. Akabaki amesimama, maji yanamtiririka kwenye sakafu niliyoipiga deki mara nyingi siku hiyo, akauliza swali lake kama lilivyoulizwa kabla yeye hajazaliwa:

"Katika nyumba hii, kuna mtu mwenye ugomvi na mtu yeyote?"

Nilifungua kinywa kusema hapana, mzee, sisi tuna amani. Ndivyo mtu anavyojibu.

Mama yako akasema kutoka ukutani, bila kugeuka, "Mimi ninao."

"Na nani, mwanangu?"

"Na Mungu."

Nyangeta, nilijiandaa. Nilishayasikia yote, nikawa nangoja tu kujua hili litakuwa lipi: la imani ndogo, la bibi, au la malaika. Mzee Malima alivua kofia. Akaangalia picha ya Magesa niliyokuwa nimeibandika juu ya meza, akaangalia viatu vidogo vilivyokuwa bado mlangoni, maana hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuvitoa. Akaelewa yuko wapi.

Kisha akasema, "Hilo ni kubwa. Siwezi kulijibu peke yangu. Nitalipeleka kwenye baraza."

Mama yako akageuka. Mara ya kwanza kugeuka bila kuitiwa chakula.

"Utalipeleka wapi?"

"Kwenye baraza la wazee, mwanangu. Kwetu mzee mmoja haamui jambo."

"Sisi hata si waumini wenu," nikasema.

Akashtuka kidogo, akatazama mlango, akatutazama sisi. "Eh. Basi nimekosea nyumba." Akavaa kofia. Akafika mlangoni, akasimama, akageuka. "Lakini swali nimeshauliza, na nimejibiwa. Siwezi kulirudisha mfukoni." Akaondoka na mvua yake.

Nilimwambia mama yako, "Umeona? Mzee wa watu anakwenda kumshtaki Mungu kwenye kikao." Nikacheka, ile ya kutaka yeye acheke. Hakucheka. Alisema, "Mwache akamshtaki."

Walikuja juma lililofuata. Mzee Malima, mama mmoja mnene ambaye naye alikuwa mzee wa kanisa, na kijana aliyechaguliwa uzee hivi karibuni, Bwire, huyo huyo Mzee Bwire unayemjua, akiwa bado na nywele. Walikaa kwenye mkeka. Mzee Malima akakohoa kama mtu anayesoma taarifa.

"Tumekaa kikao juu ya jambo lako, mama. Tumesoma maandiko, tumeomba, tumebishana. Mchungaji amesema lake, wengine wamelipinga. Baraza halikupata jibu."

Mama yako akasema, "Kwa hiyo mmekuja kuniambia hamna jibu."

"Hapana, mama. Baraza limetutuma tuje tukae."

"Mkae wapi?"

"Hapa."

Wakakaa. Ndivyo hivyo. Hawakufungua kitabu, hawakuimba. Yule mama baada ya muda alisimama akaenda kuosha vyombo nilivyokuwa nimeviosha, kwa mara ya kwanza vikatakata. Mzee Malima aliniuliza habari za gesi ya friji, nikamweleza kwa urefu, hakuelewa. Bwire alisinzia. Alisinzia kabisa, kichwa nyuma, mdomo wazi, akaanza kukoroma kama injini ya mtumbwi, nasi tukawa tunamwangalia hatujui la kufanya. Na mama yako, Nyangeta, mama yako ambaye tangu mazishi hakugusa kitu cha mtu mwingine, aliinuka pale alipolala, akavua khanga yake ya juu, akamfunika.

Nilitoka nje. Nilijifanya nakwenda kuangalia baiskeli.

Walirudi juma jingine, na jingine. Wewe ulipozaliwa walikuja wakakaa na wewe pia. Tulipoanza kwenda kwao, mama yako aliweka sharti lake mapema, pale mlangoni pa kanisa: "Nitakuja, nitapika chai, nitaimba. Ila sinia litapita." Mzee Malima akamjibu, "Sinia limetengenezwa kupita, mama. Wewe kaa."

Nikaharibu mimi. Mimi niliona aibu. Watu wanaangalia, nikasema; mtoto anakua, atauliza. Siku moja ya Meza nilimsukuma kwa kiwiko, nikamnong'oneza, "Chukua tu, kipande kidogo." Akachukua, kwa ajili yangu. Hakula. Alikishika kwenye kiganja ibada nzima, njia nzima hadi nyumbani, akakiweka juu ya kisosi mbele yangu mezani, akasema, "Hiki ni chako, wewe ndiye uliyekitaka." Kilikaa pale siku nyingi, hakuna aliyethubutu kukitupa wala kukila. Kuanzia hapo kiwiko changu nimekiweka mfukoni. Nimejifunza polepole, kwa kisosi. Kama una subira unaweza kujifunza haraka kuliko baba yako. Si kazi kubwa.

Nawe sitakusukuma.

Sasa, kuna kitu hukijui, kwa kuwa mambo ya baraza hayatoki nje, na mimi ninayatoa leo. Kila kikao, tukishafungua kwa sala, tunaanza na yatokanayo na kikao kilichopita. Na kila kikao, kabla hatujaingia kwenye ajenda mpya, mwenyekiti huuliza, "Na lile la Mama Magesa?" Mzee wa mtaa husimama na kujibu, "Bado." Halafu tunaendelea. Wachungaji wamebadilika, kila mpya anayekuja anashangaa, anaelezwa, kikao kinachofuata anauliza mwenyewe. Mzee Malima alijibu "bado" mpaka alipofariki. Nikachaguliwa mimi, nikapewa mtaa wake, na jibu lake. Nikirudi nyumbani mama yako huuliza, "Umesemaje?" Nasema, "Nimesema bado." Naye husema, "Sawa," kama mtu aliyehakikishiwa kwamba mlango umefungwa vizuri.

Hiyo ndiyo sababu yangu. Sina nyingine, na hii si ya kumwambia mtu atakayekuuliza kwenye foleni ya maji. Si kwamba Wapresbiteri wana jibu. Ni kwamba walikosa jibu, wakaja hivyo hivyo.

Sasa nikuambie lililotokea Alhamisi, utanikasirikia, una haki. Sikukuomba ruhusa.

Tulifungua kikao. Mchungaji akauliza, "Na lile la Mama Magesa?" Nikasimama. Nikasema, "Bado." Nilipaswa kukaa. Miguu haikukunjika. Nikasema, "Na sasa wako wawili."

Hakuna aliyeuliza wa pili ni nani. Walikuwa kanisani wote Jumapili, na wazee wa kanisa wana macho. Katibu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Tuandike?" Nikasema andika.

Akauliza tena, "Lakini anahama. Huko anakokwenda atakuwa mtaa wa mzee gani?" Nikasema huko hatuna mtaa, hatuna mzee, hatuna hata benchi. Wakatazamana. Mchungaji akasema, "Basi abaki mtaa wa baba yake." Wanaokubali wakanyoosha mikono, na mimi nikanyoosha, ingawa kwa utaratibu sikutakiwa. Kwa hiyo mtaa wangu unaanzia Pasiansi hapa ziwani unaishia Namanyere, nami sina hata baiskeli. Kabla ya kila Meza nitakupigia simu, nitakuuliza lile swali kama lilivyo. Usinijibu kunifurahisha.

Nilidhani yameisha. Ndipo Mzee Bwire, aliyekuwa kasinzia kwenye kona kama kawaida yake, akafumbua macho.

"Fundi. Mama yake tulikwenda tukakaa naye. Huyu yuko mbali. Tutakaaje naye?"

Ajenda iliyofuata ilikuwa bati la choo. Katibu alishageuza ukurasa. Watu wazima wote wale wakanitazama, nikatafuta mzaha, ule ninaoupata siku zote, sikuupata. Nikasema, "Sijui, mzee."

Akafikiri. Akavuta kiti chake mbele kidogo.

"Basi tukae kwanza," akasema.

Tukakaa, mwanangu. Bati la choo lilisubiri.

Baba yako